Mshahara Hausubiri Kadi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Kufanya Kazi Ng'ambo

Haya ni maneno ya ofisa wa maendeleo ya jamii kwa wazazi na vijana wa Wadi ya Witeithie, Kaunti Ndogo ya Juja. Tumeyachapisha ili yawafikie pia wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Jina la mahali hapa linajieleza. Witeithie, kwa Kikuyu, ni kumwambia mtu asikae akingoja mkono wa mwingine, ajitafutie. Na watu wa hapa wamejitafutia kweli. Wengine wako kwenye viwanda vya Thika, wengine kwenye mashamba ya maua na kahawa, wengine wanapangisha vyumba kwa wanafunzi wa pale Juja. Siku hizi wengi wanatazama mbali zaidi: Saudi Arabia, Qatar, Dubai, Ujerumani, Uingereza. Sisemi ni vibaya. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo mwaka wa 2024. Baadhi ya pesa hizo zimejenga nyumba mnazoziona mkishuka kutoka barabara kuu.

Niseme jambo moja mapema ili tusidanganyane. Kuandikisha mawakala wa ajira za nje, kutoa pasipoti na kuzungumza na nchi nyingine si kazi ya kaunti. Hiyo ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kazi yetu ni kuhakikisha mwananchi anaondoka hapa akijua anakokwenda, kwa sababu mambo yakiharibika huko, mzigo unarudi kwenye kata hii.

Leo sitazungumzia kila kitu. Nitazungumzia kipindi kimoja tu, na ni kifupi: kati ya siku unayoshuka kwenye ndege na siku unayopewa kadi ya ukaazi. Kinaweza kuwa wiki tatu, kinaweza kuwa miezi mitatu au zaidi. Ndicho kipindi ambacho simu nyingi hupigwa nyumbani zikisema, "Mama, bado sijalipwa, wanasema nisubiri karatasi." Na huku nyumbani mkopo wa chama umeshaanza kudai.

Kibali na kadi ni vitu viwili

Watu wengi wanadhani hakuna kazi wala mshahara mpaka kadi itoke. Wengine wanadhani ukishafika tu, unaweza kufanya kazi yoyote. Wote wanakosea.

Kuna ruhusa ya kufanya kazi, na kuna kadi inayoonyesha kwamba wewe ni mkaazi. Katika nchi nyingi ruhusa huja kwanza, ikiwa imeandikwa kwenye viza au kwenye kibali cha kuingia nchini. Kadi hufuata baada ya kupimwa afya, kuchukuliwa alama za vidole na kupanga foleni. Kama ruhusa unayo, na umefanya kazi, mshahara wa siku hizo ni wako. Kadi ikichelewa, malipo yanaweza kubadilisha njia ya kupita, lakini deni halifutiki. Mwajiri hawezi kusema Januari haikuwepo kwa sababu kadi ilitoka Machi.

Lakini kama ruhusa huna, hali ni nyingine kabisa. Hapo unafanya kazi kwa huruma ya mtu. Asipokulipa, ukienda kulalamika unajishtaki mwenyewe.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa wakala si "mshahara ni ngapi?" Swali la kwanza ni hili: "Siku nitakayoanza kazi, ni karatasi gani itakuwa mkononi mwangu inayosema naruhusiwa kuifanya?" Akikwambia "usijali, utatengenezewa huko huko", jali sana.

Nchi za Ghuba

Tuanze na Saudi Arabia, maana ndiko dada zetu wengi wameenda kufanya kazi za nyumbani. Kadi ya ukaazi kule inaitwa iqama. Mwajiri anatakiwa kuishughulikia ndani ya siku 90 tangu ufike. Kwa wafanyakazi wa makampuni, Kifungu cha 40 cha sheria ya kazi ya Saudi Arabia kinasema gharama za kumleta mfanyakazi, za iqama, za kibali cha kazi na za kuvihuisha ni za mwajiri, pamoja na faini za kuchelewesha. Mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya kanuni zake tofauti, lakini hata yeye iqama yake hulipiwa na mwajiri. Ukisikia, "Mshahara wako wa miezi miwili umeenda kwa iqama," ujue hapo umekatwa pesa isiyo yako kukatwa.

Mikataba ya kazi za nyumbani kule hupitia mfumo wa serikali unaoitwa Musaned. Tangu Julai 2024, kwa mikataba mipya, mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani unatakiwa kulipwa kupitia njia za kielektroniki za mfumo huo badala ya pesa taslimu mkononi. Faida yake ni kwamba malipo yanaacha alama. Muulize wakala: mkataba wangu uko kwenye Musaned? Nionyeshe. Nipe nakala niache kwa mama.

Niongeze neno kuhusu habari zinazozunguka kwenye WhatsApp kwamba Saudi Arabia iliondoa masharti ya kumtegemea mwajiri mmoja. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa makampuni nafasi kubwa zaidi ya kuhama kwa mwajiri mwingine. Wafanyakazi wa nyumbani, wafanyakazi wa mashamba na madereva wa familia hawakuguswa na mageuzi hayo. Kwa hivyo binti anayekwenda kufanya kazi nyumbani kwa mtu asitegemee habari ya dereva wa kampuni.

Qatar nako, mfumo wa kulinda mishahara ulianza mwaka wa 2015: mwajiri anatakiwa kuingiza mshahara benki ndani ya siku saba tangu unapofika wakati wake. Tangu Machi 2021, kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi makao na chakula, anaongeza riyali 500 za makao na 300 za chakula. Shida ya kipindi tunachozungumzia ni kwamba akaunti ya benki kwa kawaida inataka kitambulisho cha ukaazi, na kitambulisho hakijatoka. Ndiyo maana mshahara wa kwanza huchelewa, au hutolewa taslimu. Hilo si kosa lako. Ukipokea taslimu, taka karatasi yenye tarehe na kiasi, weka sahihi, kisha uipige picha.

Pasipoti yako pia utaombwa, kwa sababu inahitajika kwa shughuli za ukaazi. Itoe, lakini ujue inatakiwa kurudi kwako. Sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri airudishe shughuli hiyo ikiisha, na anayeizuia anaweza kutozwa faini ya hadi riyali 25,000.

Sasa Dubai. Hapa nawaomba vijana wanisikilize vizuri. Kuna njia mbili za kuingia. Moja ni kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi, kilichoombwa na mwajiri kabla hujapanda ndege, na ukifika kinakupa muda wa kukamilisha vipimo vya afya na ukaazi. Nyingine ni viza ya matembezi, ambayo kila mtu hapa Thika Road ana rafiki anayemjua mtu anayeiuza. Viza ya matembezi ni ya kutembea. Kufanya kazi nayo ni kosa, hata kama umeambiwa ni kwa majaribio ya wiki mbili tu. Tangu mwaka wa 2024, mwajiri anayemweka mtu kazini bila kibali anaweza kutozwa faini ya kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Mtu anayeogopa faini ya namna hiyo hatakuandika kwenye daftari lake. Na kama hukuandikwa, siku ya kudai mshahara utasema ulifanya kazi wapi?

Kumbukeni pia vipimo vya afya. Katika nchi za Ghuba utapimwa kabla ya kuondoka Kenya, na utapimwa tena huko ndipo upewe ukaazi. Ukikutwa na ugonjwa ulio kwenye orodha yao, unarudishwa. Ndiyo maana si busara kuuza ploti yote kwa ajili ya safari ambayo bado ina mtihani mmoja mbele.

Ujerumani na Uingereza

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Tangu hapo kila kona kuna darasa la Kijerumani. Ni sawa, jifunzeni. Lakini mjue jinsi karatasi zinavyofuatana.

Unaingia na viza ya kitaifa. Soma maandishi yaliyo juu yake: yanaeleza kama unaruhusiwa kufanya kazi, na mara nyingi kwa mwajiri gani. Kama yanakuruhusu, unaanza kazi na unalipwa, hata kabla ya kadi ya ukaazi. Ukipata nyumba ya kuishi, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Usiahirishe, kwa maana namba yako ya kodi hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha. Ukichelewa kumpa mwajiri namba hiyo, anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Mtu anapokea mshahara wa kwanza umenyofolewa, anapiga simu nyumbani akilia kwamba ameibiwa. Hajaibiwa. Kilichozidi hurekebishwa namba ikipatikana, au hurudishwa anapofanya hesabu za kodi za mwaka.

Jambo kubwa zaidi ni tarehe ya viza kuisha. Peleka ombi la kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni kabla ya tarehe hiyo. Ukifanya hivyo na ofisi ikawa na foleni ndefu, unaweza kupewa hati ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Ni jina refu, lakini likaririni. Hati hiyo inasema kwamba haki ulizokuwa nazo kwenye viza, pamoja na ya kufanya kazi, zinaendelea mpaka ombi lako liamuliwe. Mwajiri anaiweka nakala kwenye faili lako na mshahara unaendelea. Ukichelewa, hata kwa siku chache, unaweza kupoteza haki hiyo, na mwajiri mwaminifu atalazimika kukusimamisha kazi.

Kuhusu benki, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa kila mtu aliye pale kihalali haki ya kufungua akaunti ya msingi. Benki moja ikikukataa, omba jibu kwa maandishi, kisha nenda nyingine.

Uingereza, kadi za plastiki za ukaazi ziliacha kutumika mwishoni mwa 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na rekodi ya mtandaoni. Mwajiri huangalia haki yako ya kufanya kazi kwa namba ya siri unayoitoa wewe mwenyewe kwenye akaunti yako ya uhamiaji. Pia unaweza kuanza kazi na kulipwa kabla ya kupata namba ya bima ya taifa, mradi una haki ya kufanya kazi. Na kwa wanaouliza kila siku kuhusu kazi ya kutunza wazee: tangu Julai 22, 2025, Uingereza ilifunga njia ya kuwaajiri wahudumu wapya kutoka nje. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia mlango uliofungwa.

Marekani nitaitaja kwa neno moja tu. Aliyeingia kwa viza ya uhamiaji ya kudumu hapaswi kukaa bure akisubiri kadi ya kijani. Viza hiyo, ikishapigwa muhuri wa kuingia, ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja, na anaweza kufanya kazi.

Usipokee pesa kwa jina la mwingine

Katika kipindi hiki cha kusubiri, atatokea mtu mwenye huruma, mara nyingi Mkenya mwenzako, akwambie: "Tumia akaunti yangu mpaka upate yako." Au, "Fanya kazi kwa karatasi zangu, nitakukatia asilimia kidogo." Nawaomba mkatae. Kwanza, kufanya kazi kwa karatasi za mtu ni kosa la jinai, na kunaweza kukufungia mlango wa kibali unachokisubiri. Pili, mkikosana, kila shilingi iliyopita pale ni yake kwa ushahidi wote uliopo. Huna hata karatasi moja yenye jina lako.

Afadhali mwajiri akuwekee deni lililoandikwa kuliko kupokea pesa isiyo na jina lako. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na mahali. Chochote unachopewa, hata kama ni advansi ya riyali mia, kiandike. Kila mwisho wa mwezi, mtumie mwajiri ujumbe wa heshima: "Mwezi huu nimefanya kazi siku 26, bado sijapokea mshahara, naomba kujua utalipwa lini." Ujumbe huo una tarehe, na jibu lake lina tarehe. Hayo ndiyo mambo ambayo ofisi ya kazi ya nchi yoyote huuliza.

Kabla ya kuondoka hapa

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi, uwekwe sahihi na pande zote mbili, na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Ofisa huyo ndiye wa kuhakikisha kwamba umeuelewa, umekubali bila kulazimishwa au kudanganywa, na afya yako inaruhusu. Si mhuri wa kupitisha tu. Ni nafasi yako ya mwisho ya kuuliza maswali ukiwa bado nyumbani. Wakala naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usiamini cheti kilichobandikwa ukutani. Tafuta jina lake kwenye orodha ya Mamlaka yenyewe. Asiye na simu ya intaneti aje ofisini kwetu, tutaitazama pamoja.

Kwenye mkataba, tafuta majibu ya maswali matano. Mshahara unaanza kuhesabiwa siku gani: siku ya kufika au siku ya kuanza kazi? Nani analipia kibali cha ukaazi? Kabla sijapata akaunti, nitalipwa kwa njia gani? Nitakula nini na kulala wapi nikisubiri? Na nikikataliwa kibali bila kosa langu, nani analipa tiketi ya kurudi? Kama swali halina jibu kwenye karatasi, lina jibu moja tu: ni wewe.

Kwa wanaobaki nyumbani

Sasa nawageukia wazazi, kwa maana shida ya kipindi hiki huanzia hapa. Tuchukue mfano wa kubuni. Binti amekopewa shilingi 120,000 na chama cha mama yake, na makubaliano ni kurudisha 10,000 kila mwezi kuanzia mwezi unaofuata safari. Amefika tarehe 10. Amefanya kazi siku 20 mwezi huo. Mshahara wa siku hizo unatakiwa mwezi wa pili, lakini akaunti haijafunguliwa, umelipwa mwezi wa tatu. Kufikia hapo chama kimeshakuja mlangoni mara mbili. Mama anapiga simu kila usiku: "Tuma kitu." Binti anaona aibu, anakubali kazi ya pembeni isiyo kwenye kibali chake, au anamkopa mwajiri na kuongeza kamba shingoni. Hakuna aliyekuwa mbaya hapo. Mpango ndio uliokuwa mfupi.

Kwa hivyo pangeni hivi: malipo ya kwanza ya mkopo yaanze mwezi wa nne, si wa pili. Chama kielezwe mapema, kiandike kwenye kitabu chake. Msafiri awe na akiba kidogo ya kumvusha mwezi wa kwanza, asiondoke mifuko ikiwa mitupu. Nyumbani mbaki na nakala za pasipoti, viza, mkataba, jina na simu ya mwajiri, na jina la wakala. Nakala ziwe mbili, moja kwa mzazi na moja kwa mtu mwingine mnayemwamini.

Mtu akikwama

Kama tatizo ni mshahara tu na maisha hayamo hatarini, asitoke kwa mwajiri kabla ya kuuliza. Katika nchi za Ghuba, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na hapo mdai anageuka mshtakiwa. Kwanza awasiliane na ubalozi wa Kenya: tunao Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Berlin na London, na kuna ofisi ya ubalozi mdogo Dubai. Kisha alalamike kwenye ofisi ya kazi ya nchi hiyo, akiwa na daftari lake na picha za karatasi zake. Familia hapa iende kwa ofisa wa kazi na kwa Idara ya Serikali inayoshughulikia Wakenya walio ng'ambo, na imwandikie wakala barua, si kumpigia simu tu. Lakini kama anapigwa, ananyanyaswa au ananyimwa chakula, hiyo si habari ya mshahara tena. Atoke, aende polisi au ubalozini, na hesabu ya pesa itafuata.

Ndugu zangu, subira ni nzuri, lakini anayesubiri naye anahitaji kula, na anayesubiri akiwa kazini anatakiwa kulipwa. Nendeni na ruhusa iliyoandikwa, hesabu iliyoandikwa, na nyumbani pawe na watu wanaojua kwamba miezi mitatu ya kwanza si ya kuvuna.

Nitabaki hapa na meza yangu mpaka saa kumi. Mwenye mkataba aulete tuusome pamoja, mstari kwa mstari, hata kama umeandikwa kwa lugha asiyoielewa. Hasa kama umeandikwa kwa lugha asiyoielewa.